Daftari langu la mkojo

Nimepima mvua miaka 31. Kila siku saa tatu asubuhi, jua liwake au masika yawe yamekaba, nilikwenda kwenye kipimamvua pale kituoni, nikamimina maji kwenye bilauri yake, nikainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, nikaandika. Milimita 4.2. Milimita 0. Basi, mpaka kesho saa tatu. Hakuna mpimaji anayerudi saa nne kuchungulia ati ana wasiwasi.

Nilipoambiwa nina saratani ya tezi dume nilifanya kile ninachokijua. Niliingia dukani hapa Chake Chake, Pemba, nikanunua daftari, nikapiga mistari. Safu ya saa, safu ya mkojo, safu ya maumivu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza karibu miaka miwili. Mkojo unasimama kuungoja kama unangoja gari ya Konde. Ukija unakatika, ukirudi kulala unakuita tena. Wazee wenzangu barazani wakasema mshipa huo, mmoja akaniletea mizizi nichemshe. Mimi nilidhani ni kichocho cha utotoni. Sisi watoto wa shamba hapa Pemba tuliogelea kila bonde lenye maji, na mtoto kukojoa damu halikuwa jambo la kumshtua mtu. Basi nikawa nasema moyoni, haya ni ya zamani yamerudi, yatakwenda. Hadi siku mkojo ulipoziba, nikatiwa mpira wa kutolea mkojo, na damu ikapimwa PSA, kipimo cha kuangalia tezi dume. Ilikuwa 46. Kule Unguja wakachukua vinyama kwa sindano, kwa njia ambayo sitaieleza hapa, na majibu yakathibitisha.

Matibabu nayapita haraka. Mionzi wiki saba hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nikikaa kwa binti yangu. Kila siku wanakutaka ufike umeshakwenda choo kikubwa na kibofu kimejaa. Mtu ambaye mkojo unamwita kila mara anaambiwa auzuie, tena foleni ndefu! Na sindano ya ngozi ya tumbo kila miezi mitatu, ya kuishusha homoni ya kiume, maana saratani hii homoni hiyo ndiyo chakula chake. Ukinyimwa homoni joto linakupanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, unaloa jasho huku feni inazunguka. Mara ya kwanza mke wangu aliponiona najipepea kwa kawa alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu ukumbini," akasema. "Sisi wenzako tulitangulia."

Mionzi ikamalizika. Madaktari wakaniambia nenda nyumbani, njoo baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo nilipoanza kuumwa hasa.

Maana kule hospitali kuna mtu anayekutazama kila siku. Nyumbani nilibaki mimi na daftari. Mwanzo niliandika mkojo wa usiku tu: mara nne, mara tano, mara nne. (Nafuu moja ipo: ukishaamka na kujitia maji, unatawadha, unasali tahajudi. Maisha yangu yote nilikuwa nainuia, tezi ndiyo iliyoniamsha.) Kisha nikaanza kuandika nyonga. Kisha goti. Kisha nguvu ya mkojo kwa alama kutoka 1 hadi 5, kana kwamba najisahihishia mtihani. Safu tatu zikawa tisa. Nilikuwa naandika mara kumi na mbili kwa siku, na kila nikiandika nafungua simu nitafute neno lile lina maana gani. Simu haina haya. Unaiuliza goti, inakujibu mifupa.

Saa nane za usiku ndizo mbaya. Nyumba nzima imelala, popo wanagombana juu ya mwembe, na wewe umelala chali unausikiliza mgongo wako. Ukiusikiliza sana utasema tu.

Ule mgongo uliniangusha msimu wa karafuu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba saratani ya tezi dume ikihama hupenda kukimbilia mifupa, uti wa mgongo na nyonga. Hilo ni kweli na daktari alishaniambia. Basi asubuhi moja nikaamka kiuno hakikunjiki. Nikaandika. Adhuhuri nikaandika. Siku ya tatu sikula, nikamwita kijana wangu mkubwa nimwonyeshe hati za shamba zilipo. Mtoto akanitazama, akatoka nje kwenda kumwita mama yake.

Mke wangu aliingia na mikono inanuka karafuu, maana alikuwa anachambua makonyo. Hakusema neno. Alichukua daftari, akavaa miwani yangu, akasoma kurasa mbili tatu. Akauliza, "Jumapili umeandika kiuno. Mbona Jumamosi hukuandika magunia?"

"Magunia gani?"

"Mawingu yalipofunga, karafuu ziko nje kwenye majamvi, nani alizikimbiza ndani? Magunia manne ulibeba, nikikukataza. Na wewe mtu wa hali ya hewa!"

Nilinyamaza. Wallahi niliona haya kuliko siku nilipotiwa mpira. Kazini, ukiandika joto la leo bila kuandika upepo ulitoka wapi na mawingu yalikuwaje, mkuu wako anakurudishia karatasi. Mimi nilikuwa na miezi mitano ya maumivu kwenye daftari, na hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa nilifanya nini siku ya kabla. Kiuno kilipoa baada ya siku nane, kwa kuchuliwa na kupumzika.

Sisemi kwamba hofu iliondoka. Baada ya hapo yakaja majibu ya damu. Mara ya kwanza baada ya mionzi PSA ilikuwa 0.3. Mara ya pili nilipima maabara nyengine kwa sababu nilikuwa Unguja kwa msiba, ikatoka 0.7. Mimi ni mtu wa tarakimu, nikaona imepanda zaidi ya mara mbili. Siku tatu sikulala. Nikapanda boti hadi Dar bila miadi.

Daktari, mtoto wa kike wa umri wa binti yangu, aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Akauliza, "Mzee wangu, ukipima mvua hapa kwa kipimo kimoja na jirani akapima kwa chengine, mtapata sawasawa?"

Nikasema, "Hatupati, mwanangu."

"Na maabara ni hivyo hivyo. Pimia pamoja daima." Kisha akanieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema: kwa aliyepigwa mionzi, kawaida wanahesabu kwamba maradhi yamerudi pale PSA inapopanda 2 nzima juu ya pale iliposhuka chini kabisa. Yangu ilikuwa imepanda 0.4 tu. Akasema tutarudia, tuone inaelekea wapi. Tukarudia maabara ile ile ya mwanzo: 0.3.

Nikamtolea daftari. Akalifunua, akatikisa kichwa, lakini hakulitupa, na kwa hilo namshukuru, maana wengi huniambia "usiwaze" kana kwamba mawazo yana swichi. Akasema niandike mara moja tu kwa siku. Jambo jipya likikaa wiki mbili bila kuondoka, nimpigie. Kisha akahesabu kwa vidole: miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kuziba, maumivu ya mgongo yanayozidi kila siku na kukuamsha usiku. "Hayo usiandike. Hayo njoo hapo hapo."

Mara moja kwa siku. Nilijua saa gani bila ya kuambiwa.

Wiki ya kabla ya kipimo bado ni mbaya. Nakuwa mkali, wajukuu washajua babu asiulizwe kitu, na simu mke wangu anaikalia. Usiku yakinijia najiambia saa tatu haijafika. Mara nyengine inasaidia, mara nyengine naamka kwenda barazani kuwasikiliza popo mpaka alfajiri.

Kipimamvua cha zamani nilitengeneza mwenyewe, nimekiweka uani mbali na mwembe. Mjukuu anasoma mstari, mimi naandika, mvua na mwili ukurasa mmoja. Leo Jumanne: mvua milimita 11. Mkojo usiku mara tatu. Bega la kulia linauma. Jana nilifyeka uani.