Nilivyompeleka binti yangu Exploratorium akapata cha kumsimulia bibi yake

Binti yangu ana miaka minane, tunaishi Oakland, California, na sayansi yote aliyofundishwa shuleni amefundishwa kwa Kiingereza. Bibi yake yuko Mpwapwa, Tanzania, amefuga ng'ombe na mbuzi maisha yake yote. Wakipigiana simu ni "shikamoo bibi", "marahaba mjukuu wangu, umekula?", kisha simu inarudi kwangu. Iliniuma. Kwa hiyo nilipoamua kumpeleka Exploratorium, jumba la makumbusho ya sayansi ng'ambo ya maji kule San Francisco, nilimpa kazi kabla hatujatoka nyumbani: achague kitu kimoja atakachomweleza bibi kwa Kiswahili mpaka bibi aelewe bila kukiona.

Tulipanda treni ya BART hadi kituo cha Embarcadero, tukatembea kandokando ya maji mpaka Gati namba 15. Humo ndani hakuna vitu vya kutazama kupitia kioo. Karibu kila kitu kimewekwa kishikwe, kizungushwe, kisukumwe. Mwanzilishi ni Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert yule wa bomu la atomiki. Frank naye alikuwa mwanafizikia, lakini mwaka 1949 alipoteza kazi ya chuo kikuu kwa sababu aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti. Akaenda Colorado kufuga ng'ombe kwa miaka kama kumi, akafundisha sekondari, na mwaka 1969 akafungua Exploratorium. Pale gatini walihamia mwaka 2013. Mimi mtoto wa wafugaji, habari hiyo ya ng'ombe ilinigusa sana.

Nilikuwa nimejiwekea masharti mawili. Kwanza, hatuzunguki kote. Kuna mamia ya vitu pale, na mtoto akikimbizwa toka hiki hadi kile hatoki na kitu. Akitaka kukaa, tunakaa. Pili, mimi sielezi. Nimewaona wazazi wengi wakisoma kibao kwa sauti na kutoa jibu papo hapo. Mtoto akishapewa jibu, anaondoka. Mimi nilikuwa nauliza tu: unaona nini? Ukifanya hivi, itakuwaje?

Alikaa muda mrefu kwenye vivuli vya rangi. Taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinamulika ukuta mmoja mweupe, na mahali zinapokutana zote ukuta unabaki mweupe. Alipopita mbele yake akajikuta ana vivuli kadhaa, kimoja cha njano, kimoja cha waridi, kimoja cha samawati.

"Mama, mbona kivuli changu si cheusi?"

"Ukiikinga taa moja, itakuwaje?"

Akasogea, akaikinga ile nyekundu kwa kiganja. Weupe ukatoka ukutani, ikabaki samawati. Akakinga ya kijani, ikaja waridi. Akarudia tena na tena, midomo ikichezacheza kama anayehesabu, halafu akaniambia: "Kumbe pale penye kivuli kuna taa moja haifiki. Zile mbili zinafika." Sikuongeza neno.

Kuna kioo kikubwa kilichobonyea kinachokuonyesha kichwa chini miguu juu. Alicheka pale, tukapita. Nilichokuwa nakisubiri mimi ni meza ya upasuaji wa jicho la ng'ombe. Wanaofanya kazi hiyo ni vijana wenye vizibao vya rangi ya machungwa, baadhi yao bado wanasoma sekondari. Mwanzoni binti yangu alijificha nyuma yangu. Kijana akaondoa mafuta na misuli, akapasua konea, ule utando wa mbele ya jicho, maji yakatoka. Akalifungua jicho, akatoa ute mzito, halafu lenzi, angavu kama goroli. Akaiweka juu ya kipande cha gazeti, na herufi zilizokuwa chini yake zikawa kubwa. Hapo binti yangu alikuwa ameshakuja mbele, pua karibu igonge meza. Mwisho kijana akaonyesha ukuta wa nyuma wa jicho: una sehemu inayong'aa buluu na kijani. Ndiyo inayorudisha mwanga ndani ya jicho ili mnyama aone vizuri gizani, na sisi binadamu hatuna.

Tuliondoka akiwa bado anataka kubaki, na nilipanga hivyo makusudi.

Saa moja jioni kwetu, huko Mpwapwa ni saa kumi na moja alfajiri, na bibi huwa ameshaamka. Binti yangu alieleza jicho zima, akikwama ananiuliza neno, anaendelea. Alipofika kwenye ule ukuta unaong'aa, bibi alimkatiza: "Ndiyo maana ukiwamulika zizini kwa tochi macho yanawaka! Siku zote nayaona, sikujua kinachowaka ni nini." Halafu akamrudishia swali: mbona mboni ya mbuzi imelala, na ya mtu ni ya mviringo? Mjukuu hakujua. Aliliandika kwenye daftari ili tukirudi akamuulize yule kijana.

Simu haikurudi kwangu mpaka kuku wa bibi walipoanza kudai chakula. Habari ya vivuli bado hajaisimulia. Anataka kwanza nimtafutie tochi tatu na karatasi laini za rangi za kuzifunika, ampigie bibi kwa video.