Siku moja maishani mwangu: fundi sanifu wa maabara ya shule, Mbeya

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari, mara nyingi hudhani kuwa kazi yangu ni kuwaoshea walimu vyombo. Ni kweli ninaosha, tena sana. Lakini kazi yenyewe ni nyingine: ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi anapobadilisha kitu kimoja katika jaribio, vitu vingine vyote vimetulia palepale. Jumatano iliyopita Kidato cha Tatu walikuwa na jaribio la mambo yanayoathiri kasi ya mmenyuko wa kikemikali, yaani dawa zinapokutana na kugeuka vitu vingine, nami ninaisimulia siku hiyo kama ilivyokwenda.

Saa 11:00 alfajiri. Julai ya Mbeya haina huruma. Niliamka, nikachemsha chai, nikavaa sweta mbili na kutembea hadi shuleni kabla jua halijachomoza.

Saa 1:00 asubuhi. Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kutumbukiza kipimajoto katika chupa za mimumunyo nilizoziacha stoo usiku kucha. Kilisoma nyuzi joto 14. Mimumunyo hiyo niliiandaa Jumanne mchana: gramu 99.2 za fuwele za thayosulfati ya sodiamu, chumvi yenye salfa ndani yake, nilizozipima kwenye mzani na kuziyeyusha katika maji yaliyokenekwa hadi kufikia lita 2, ili nipate ukolezi wa molari 0.2 (molari ni kipimo cha wingi wa dawa iliyoyeyushwa katika kila lita), kisha lita 3 za asidi ya haidrokloriki ya molari 1, ambazo zilihitaji sentimita za ujazo 259 za asidi kali niliyokuwa nayo. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole, wala si maji kwenye asidi, kwa maana joto linalotoka hapo linaweza kuyachemsha maji ghafla na kumrukia mtu usoni. Hesabu hizi huzifanya mara mbili kila siku, kwa sababu kosa langu moja huwa kosa la wanafunzi 76.

Nyuzi 14 zilinitia wasiwasi. Kwa kawaida huweka chupa katika beseni la maji ya uvuguvugu hadi zifike nyuzi 25, lakini mtungi wa gesi ulikuwa mtupu na mwingine niliouomba wiki mbili kabla ulikuwa haujaletwa. Nilimwambia mwalimu wa somo kwamba ingefaa wanafunzi waandike joto la mmumunyo juu ya karatasi zao. Alinijibu kuwa jaribio la siku hiyo lilihusu ukolezi, na joto lingefundishwa wiki ijayo. Nilipaswa kusisitiza. Sikusisitiza.

Saa 2:30 asubuhi. Kundi la kwanza liliingia, wanafunzi 38 wakifanya kazi wawiliwawili. Jaribio lenyewe ni zuri kulitazama hata ukiwa umeliona mara mia. Mwanafunzi huchora alama ya X kwenye karatasi nyeupe, huweka bika, chombo cha kioo kama bilauri, juu yake, humimina thayosulfati na asidi, kisha hutazama kutoka juu. Salfa huanza kujitenga kidogokidogo, mmumunyo huwa mweupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, halafu wa manjano hafifu, na alama ya X hufifia hadi isionekane. Hapo saa husimamishwa. Mara ya kwanza hutumia sentimita za ujazo 10 za thayosulfati bila maji, kisha 8 kwa 2 za maji, 6 kwa 4, hadi 2 kwa 8, ili ujazo wote ubaki uleule na ukolezi pekee ndio upungue. Chembe zikipungua, migongano yao hupungua, na alama huchelewa kupotea.

Mmenyuko huo hutoa pia gesi ya dioksidi ya salfa, inayochoma koo. Madirisha lazima yawe wazi, hata kama baridi inauma na wanafunzi wananiomba niyafunge. Niliwasogeza wenye pumu karibu na dirisha na kuwakataza wote kuinamia bika kwa muda mrefu.

Saa 4:15. Kwa mkondo mwingine niliandaa maonyesho mafupi: mapande ya mawe ya chokaa kutoka upande wa Songwe na unga wa mawe hayohayo, vyote vya uzito mmoja, vikitiwa asidi sawa. Unga ulitoa povu kwa nguvu na kumaliza mapema, kwa sababu asidi iliupata kila upande. Kisha nilitia kipande cha kiazi kibichi katika peroksidi ya haidrojeni, povu la oksijeni likapanda hadi mdomoni mwa silinda. Kimeng'enya, yaani protini ya kiumbe hai inayoharakisha mmenyuko, kilichomo katika kiazi ni kichocheo. Huharakisha kazi nacho chenyewe hakiishi. Viazi haviadimiki kwetu, kwa hiyo somo la vichocheo halijawahi kunishinda kwa ukosefu wa vifaa.

Saa 6:30 mchana. Jikoni maharage yalikuwa bado magumu, ingawa mama mpishi aliyabandika tangu asubuhi. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe wa dawa, mbona Dar es Salaam yanaiva upesi?" Nilimweleza kwamba huku juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na ukiongeza kuni maji huishia kugeuka mvuke tu bila joto lake kupanda. Nyuzi sita hizo ndizo zinazomlia kuni zake. Alinisikiliza kwa makini kuliko watu wengi wenye vyeti.

Kundi la pili liliingia saa 7:30. Jua lilikuwa limelipiga bati la maabara tangu asubuhi, na chupa zilezile sasa zilikuwa na nyuzi 24.

Saa 9 kasoro mwalimu alinijia na karatasi mkononi. Kundi la asubuhi, kwa mmumunyo usiotiwa maji, lilikuwa limeandika sekunde 56, 58, 60. Kundi la mchana lilikuwa limeandika 29, 30, 31. "Dada, umetuharibia kazi," alisema mbele ya wanafunzi waliokuwa bado wanapanga viti. "Asubuhi umewapa dawa iliyozimuliwa." Nilimwambia kuwa chupa ni moja. Akasema basi sikuikoroga. Nilimwonyesha daftari langu la vipimo; akasema daftari mtu huandika anachotaka. Nimefanya kazi hii miaka tisa, na maneno hayo yaliniingia mwilini kuliko baridi ya alfajiri.

Sikubishana. Nilichukua mmumunyo uliobaki, nikaugawa mara mbili. Nusu niliiweka katika beseni la maji ya bomba, ambayo kwetu Julai ni baridi kama ya mtoni, pamoja na kiasi cha asidi, nikasubiri karibu dakika ishirini hadi kipimajoto kikasoma 15. Nusu nyingine niliiacha mezani. Mwalimu alishika saa mwenyewe. Ya mezani: sekunde 30. Ya beseni: sekunde 55. Alirudia. Sekunde 56.

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo ningependa lingeulizwa asubuhi: inawezekanaje nyuzi 10 tu zikapunguza muda kwa nusu, wakati chembe haziongezi mwendo kiasi hicho? Ni kweli haziongezi. Kutoka nyuzi 14 hadi 24 mwendo wao wa wastani hupanda kwa chini ya asilimia 2. Lakini si kila mgongano huzaa kitu. Chembe lazima zigongane zikiwa na nishati ya kutosha kuvuka kizingiti, na joto likipanda kidogo, idadi ya zile zinazokifikia huongezeka sana. Svante Arrhenius wa Sweden aliliweka jambo hilo katika mlinganyo mwaka 1889. Tulikaa nalo hadi wanafunzi waliobaki wakasogea kusikiliza, mmoja akalichora ubaoni kama mlima na watu wanaoupanda.

Kabla hajaondoka mwalimu alisema, "Dada, tutarudia Ijumaa, makundi yote saa nne." Hakusema zaidi ya hapo.

Baada yake zilibaki bika. Salfa hung'ang'ania kioo, na ikikauka haitoki bila brashi. Nilitia magadi kwenye ndoo ya asidi iliyotumika hadi povu likakoma, nikaimwaga, nikaosha, nikasuuza kwa maji yaliyokenekwa, nikapanga. Vidole vilikufa ganzi. Sikutazama tena saa. Najua tu kwamba taa za bweni zilikuwa zimewashwa.

Mwisho nilijaza maji ndoo kubwa mbili, nikazamisha chupa za akiba hadi shingoni na kuzifunika kwa blanketi kuukuu, maana maji mengi hupoa polepole kuliko chupa iliyo peke yake. Kipimajoto kilisoma 19. Nilikiacha humohumo, nikaandika namba hiyo na saa kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni, nikafunga.