Hitma ya Aliyezama

Kwetu Bombo, Uganda, kila marehemu wa ukoo alisomewa hitma isipokuwa mmoja. Bibi alikataa. Huyo alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe mgongoni. Sisi wajukuu tulimwita babu, ingawa alikufa hata ndevu hazijamtoka sawasawa.

Baba yao alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kama wazee wengi wa Kinubi. Kijana yeye akaandikishwa kwenye mizinga wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Mombasa, akapandishwa meli. Baadaye ikaja barua ya serikali. Bibi hakuikubali. Karatasi ya serikali, alisema, haijawahi kuosha maiti.

Barua yenyewe sikuiona. Ilipotea pamoja na picha yake ya pekee baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wetu walipokimbilia Sudan. Kwa hiyo nilikua nikimjua babu huyo kwa ule ukaidi wa Bibi tu, maana habari zake hakuzisimulia. Ukimuuliza, anakutuma dukani.

Desemba 1996, Shaaban imeandama na watu wanakumbuka marehemu wao, mjomba akaja kutoka Kibera. Alimkuta Bibi barazani akisuka kawa, akakaa mkekani bila hata kuvua koti.

"Mama, nimeliona jina lake."

Lilikuwa limechongwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Na Kibera ni hapo hapo jirani! Ndugu zetu wamekaa Kibera tangu enzi za Mwingereza, na mjomba mwenyewe alikuwa akipita pale kwa matatu karibu kila siku.

Alikuwa amesoma pia habari za ile meli, Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, imejaa askari, na miongoni mwao kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Walikufa zaidi ya watu 1,200, na wauguzi wanawake wakiwamo.

Bibi hakuuliza habari ya Wajapani wala ya idadi. Mikono yake iliendelea na ukindu.

"Kuogelea alikuwa hajui. Huku kwetu angejifunzia wapi? Alihangaika muda gani?"

"Meli ilizama kabla ya dakika mbili kutimia, Mama."

"Dakika mbili."

"Hazikutimia."

Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Usiku wa siku ile, uani, mjomba alinieleza lililobaki. Nyambizi ilikuwa imejificha chini, na manowari za Waingereza zilizokuwa zikiisindikiza meli zikaangusha mabomu ya chini ya maji pale pale ambapo watu walikuwa bado wanaelea. Nyambizi nayo ilizamishwa siku ile ile. Baadhi ya waliokuwa majini waliuawa na wenzao, na kwa hesabu ya vita labda hapakuwa na njia nyingine. Mjomba aliniapisha nisilitamke hilo mbele ya mama yake, na sikulitamka mpaka tulipomzika. Binamu zangu wengine wanalaumu, wanasema mwenye maiti ana haki ya habari yote. Mimi nasema alichouliza alijibiwa.

Jioni Bibi alimwita shehe. Shehe akamweleza kwamba hitma haihitaji kaburi, na kwamba aliyekufa kwa kuzama ni katika mashahidi. "Hilo nalijua," Bibi alimkatiza. "Nimekuita unipangie siku."

Ikapangwa Alhamisi usiku. Misahafu ikaazimwa msikitini, majirani wakaleta masufuria, mjomba akatafuta mbuzi. Bibi alipomwona mbuzi kafungwa chini ya mwembe alikuja juu: mdogo wake mbuzi halili, tangu utotoni, harufu tu ilimtapisha, nani kawaambia mlete mbuzi? Mjomba akajitetea kwamba watakaokula ni wasomaji, siyo marehemu. Wapi! Mbuzi akarudishwa kwa mwenyewe, tukachinja kuku. Na pale jikoni, akinyonyoa kuku na shangazi zangu, Bibi akaanza kutaja na mengine aliyokuwa halili.