Hewa kwanza, maji mwisho

Jumamosi, usiku.

Jirani wa chini amenieleza tena, kwa adabu zake zote, kwamba dari yake inatikisika. Basi mazoezi yamehamia alasiri, saa ambazo yeye yuko kazini. Yote hayo ni kwa sababu ya moto.

Moto ni sehemu ya tatu ya mazoezi niliyoyaunga kutokana na Avatar: The Last Airbender, katuni ya Nickelodeon iliyorushwa mwaka 2005 hadi 2008. Watu wa mle hutawala maji, ardhi, moto na hewa kwa miondoko ya mwili, na miondoko yenyewe ina asili. Watengenezaji walimtumia mshauri, mwalimu wa kung-fu anayejulikana kama Sifu Kisu, na kila upande ukapewa mtindo halisi wa Kichina wa kupigana: maji taichi, ardhi Hung Gar, moto Shaolin ya kaskazini, hewa baguazhang, ule wa kutembea kwa duara. Ndiyo maana inaigika. Katuni nyingine ukiziiga utaishia kwa mganga wa viungo.

Kwenye hadithi mzunguko huanza na maji. Mimi naanza na hewa, maana viungo vyangu vikiamka huwa vimekauka. Naweka kigoda katikati ya sebule, nakunja magoti kidogo, nakizunguka viganja vikikielekea, kisha nageuka na kurudi nilikotoka. Vifundo vya miguu na nyonga hupata moto bila kuruka hata mara moja.

Halafu ardhi. Hapa ndipo ninapokaa sana. Mkao wa farasi: miguu imetanuliwa, mapaja yakikaribia usawa wa sakafu, mgongo wima, basi. Anayenitazama ataona mtu aliyesimama vibaya. Mapaja ndiyo yanayojua. Nikitoka hapo namwiga Toph, yule msichana asiyeona ambaye huisikia ardhi kwa nyayo. Yeye alipewa mtindo wake peke yake, wa vunjajungu wa kusini. Navua viatu, nasimama kwa mguu mmoja, nafumba macho. Jaribu uone! Macho hutusaidia sana kusimama wima, na yakifungwa kifundo huanza kutapatapa kikitafuta sakafu. Sijawahi kupata zoezi la bure lililonifaa kuliko hilo.

Moto naupitia haraka: ngumi, mateke, pumzi ikitoka kwa kila pigo. Mzee Iroh wa kwenye katuni humfundisha mtoto wa mdogo wake kwamba nguvu ya moto hutoka kwenye pumzi, si kwenye misuli. Kwa moto wa kweli sijui, ila nikibana pumzi naishiwa mapema.

Mwisho maji, yaani taichi ile ya miondoko 24 iliyopangwa China mwaka 1956. Wanaoiita mazoezi ya wazee hawajawahi kuuhamisha uzito wote mguu mmoja polepole namna ile.

Kuna pengo moja, na halizibwi na upande wowote wa mle ndani: kuvuta. Peke yako sebuleni unasukuma, unachuchumaa, unajizungusha, lakini mgongo na mikono havipati mzigo wa kuvuta. Kwa hiyo leo nimemuulizia fundi wa kuchomelea bei ya bomba la kuning'inia, la kufunga juu ya mlango. Mwenye nyumba bado sijamwambia.