Feluka ya Aswan: anza kwa kupanda mto

Kila niliyemuuliza kabla ya kwenda Misri aliniambia feluka, mashua ya tanga ya Mto Nile, ni ya saa moja tu: panda jua likikaribia kuzama, zunguka kisiwa cha Elephantine pale Aswan, kusini mwa Misri, piga picha, shuka. Ushauri huo umewaharibia wengi Mto Nile, na siku ya kwanza nusura uniharibie na mimi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilianza kuvuka mto kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, kabla sijajua kusoma, na babu yangu alikuwa na mashua. Kwa hiyo nilipoiona feluka nilijua nimefika kwa ndugu: tanga jeupe la pembe tatu, foromali, ule mti unaobeba tanga, ndefu kupita mlingoti wenyewe, nahodha kakaa tezi, yaani nyuma, na kana, mpini wa usukani, kwapani. Injini hakuna. Mimi na mke wangu tukaondoka saa kumi jioni, tukashuka na mto kuelekea kaskazini. Upepo ulikuwa wa omo, unatujia usoni, tukawa tunabisha, yaani kwenda mshazari ng'ambo hii na ile huku maji yakitusukuma. Raha tupu. Jua lilipogusa vilima vya mchanga vya magharibi, upepo ukakata. Tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Kurudi ni kupanda mto, na Nile haipandwi bila upepo. Nahodha na kijana wake wakavuta makasia mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, na bado mnazi mmoja wa ufukweni, sijui niuite mtende, ukabaki pale pale ubavuni mwetu. Mwisho ikaja boti ya mashine ikatukokota, moshi wote puani, na malipo ya kukokotwa yakakaribia nauli yenyewe.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikawaza kama babu angewaza. Nile inatiririka kutoka kusini kwenda kaskazini. Upepo wa huku, siku nyingi, unavuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Wamisri wa kale walilijua hilo vyema: katika maandishi yao ya picha, kusafiri kwenda kusini kulichorwa kwa chombo kilichotweka tanga, na kwenda kaskazini kwa chombo kisicho na tanga. Basi jibu si ndilo hilo? Panda kwanza, wakati upepo unao. Ukikatika, mto utakurudisha bure.

Asubuhi nikawapita vijana wanaokukimbilia barabarani, nikamtafuta nahodha mzee wa Kinubi, wenyeji wa huku kusini, aliyekuwa akishona tanga lake. Huku nahodha huitwa rayyis, ndiyo rais yetu hiyo hiyo. Nilimsalimia, nikaketi, nikanywa chai yake kabla ya kutaja pesa. Kisha nikamwambia kwa Kiarabu changu cha madrasa: siku nzima, kwanza kusini mpaka kisiwa cha Seheyl, turudi na mto jioni. Akanitazama vizuri, akauliza kama kwetu ni wavuvi. Wao Nile huiita bahr, na upepo wa kaskazini ni upepo wa bahari, kwa kuwa unatoka upande wa Mediterania. Kwa neno hilo moja tukaelewana. Bei ikashuka karibu nusu, chakula humo humo.

Tulitweka saa nne, maana alfajiri upepo bado mdogo. Chombo hakina choo, hilo lijulikane mapema, na kofia usiisahau. Kupanda mto kwa upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, ni kitu kingine kabisa! Hakuna kelele ila demani, kamba ya kuongozea tanga, ikilia kidogo kila tanga linapojaa. Mawe makubwa meusi ya Elephantine yalipita, yamelainishwa na maji mpaka yanafanana na migongo ya tembo. Kulia, juu kilimani, kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, yule aliyepimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mke wangu alizaliwa katika hospitali yenye jina hilo, akanyamaza, akamwombea.

Seheyl tulikula samaki, wali na mkate, tukashushia karkadeh baridi, yaani rozela. Mzee akanieleza jinsi ndugu za mama yake walivyohamishwa mwaka 1964, maji ya Bwawa Kuu la Aswan yalipokuwa yanakuja kumeza vijiji vya Wanubi. Baadaye akanipa kana, akajinyoosha, akafumba macho. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo ugenini.

Saa kumi na moja na nusu, tukiwa njiani kurudi, upepo ukakata kama jana. Kijana wa mzee akapanda foromali miguu mitupu, akalikunja tanga akilifunga fundo kwa fundo mpaka ncha kabisa, juu ya maji. Tukaelea. Boti ya mashine ikatupita ikikokota feluka mbili, abiria wamejiziba pua kwa mitandio. Rayyis akawanyanyulia mkono, akamimina chai nyingine, na mto ukatushusha mpaka gatini.