Bure Kabisa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi kwenye jumuiya tulisoma Mathayo 5. Tulipofika mstari wa 22, "mtu akimfyolea ndugu yake, itampasa baraza; na mtu akimwapiza, itampasa jehanum ya moto," mama mmoja akanyoosha mkono: "Mzee, 'akimfyolea ndugu yake' ndiyo nini?" Kijana mmoja akadakia kwamba ni kufyonya, ule msonyo wa kwenye daladala konda akikuzidishia nauli. Tukacheka. Nami niliyekuwa naongoza nikacheka nao, maana sikuwa na jibu. Biblia ya Union imelibeba neno hilo tangu 1952, nasi tunalisoma kwa sauti nzuri tu na kupita.

Nyumbani nikafungua kamusi. Kufyoa ni kumsemesha mtu kwa ufidhuli, kumtolea maneno ya dharau. Kiyunani pale kimeliacha neno la Kiaramu lenyewe, raka, yaani mtupu, mtu asiye na kitu ndani. Nikakaa kitandani. Neno hilo kwa Kiswahili chetu cha kila siku nalijua sana, nilikuwa nimelitumia Jumanne. Ni "bure". "Wewe bure kabisa!"

Nilimwambia mdogo wangu, dukani, wateja wamesimama. Alikuwa amemkopesha mtu magunia mawili ya mchele kwa ahadi ya kulipa jioni, na mtu yule hakuonekana tena. Hakunijibu. Alifunika mizani kwa kitambaa kama afanyavyo kila siku, akatoka, akaenda kulala kwa dada yetu. Hajarudi.

Nilijitetea mbele za Mungu. Nikasema sikumtukana, sikumtaja mama yake, na Yesu mwenyewe aliwaita Mafarisayo wapumbavu na vipofu, iko Mathayo 23. Ndiyo, aliwaita. Lakini sura hiyo hiyo mwishoni yuko anaiita Yerusalemu kama kuku anavyokusanya vifaranga vyake. Mimi sikuwa nakusanya kifaranga chochote, nilikuwa napiga hesabu ya hasara.

Wapendwa, matusi ya nguoni tunayaogopa, lakini haya mengine tunayaita kusema ukweli. Mtoto akishika mkia darasani ni kichwa maji. Shemeji akikosa kazi mwaka mzima ni mzigo, na tunamsema akiwa chumba cha pili anasikia. Halafu tunafungua kikao kwa pambio! Yakobo anasema kwa ulimi huu huu twamhimidi Mungu Baba yetu, na kwa huo huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Kule Shinyanga na Mwanza bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Panga lilikuja mwisho. Neno "mchawi" lilikuwa limetangulia zamani, likisemwa kisimani na watu wa kawaida kabisa, wengine wakitoka ibadani. Tusiseme sisi hatuna panga. Tumwangalie tuliyemwita mtupu, tuone tunavyompa chai yake, tunavyompokea simu yake.

Habari za baraza na jehanum sitazirefusha. Baraza ni ile mahakama kuu ya Wayahudi kule Yerusalemu. Neno ambalo mimi nililiona dogo, Bwana analiona la kufikishwa huko.

Mstari wa 24 ndio ulionikamata leo Jumapili: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Bahasha yangu ya ahadi haikuingia kikapuni. Nimerudi nayo, iko juu ya kabati. Nimempigia mdogo wangu mara mbili, hapokei. Dada anasema yupo, anakula, ila haongei. Kesho nafunga duka mapema nipande gari la Mbagala.

Mniombee nikifika nisianze na habari ya mchele.