Nilivyojenga Twin Otter ya 1/72 kwa Vifaa vya Gereji, Hapa Dodoma

Mdogo wangu anasoma Ujerumani. Alipokuja likizo aliniletea kisanduku cha Revell, kampuni ya modeli za plastiki za kuunganisha, chenye ndege ya Twin Otter, skeli ya 1/72. Gundi na rangi zake alikuwa amezinunua pia, ila zikabaki huko huko, kwa sababu abiria haruhusiwi kupanda ndege na vitu vinavyoshika moto kirahisi, na gundi ya plastiki na rangi za enameli zimo kwenye orodha hiyo. Basi nikawa na ndege kamili iliyolala vipande vipande kwenye boksi, sina cha kuiungia wala cha kuipakia, na kwa Dodoma sijakutana na duka linalouza vitu vya namna hii.

Skeli ya 1/72 maana yake kila kipimo kimegawanywa kwa 72. Mtu wa futi sita anakuwa na urefu wa inchi moja. Twin Otter yenyewe ina mabawa ya mita 19.8 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yangu inafika kama sentimita 27 na nusu, yaani ukiiweka juu ya rula ya shule inabaki nafasi kidogo. Wajenzi wengi wa modeli wanapenda ndege za vita. Mimi sizipendi kiasi hicho. Twin Otter ni ndege ya kazi: ya Kanada, iliruka mara ya kwanza mwaka 1965, ina injini mbili za pangaboi, magurudumu hayakunjwi, na inatua kwenye viwanja vifupi vya udongo ambavyo ndege kubwa hazigusi. East African Airways walikuwa nazo, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 Air Tanzania iliyozaliwa mwaka huo huo ikaendelea kuzirusha. Hiyo ni ndege yetu kuliko Spitfire, ile ndege ya vita ya Waingereza.

Tuanze na gundi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na kukimbilia supaglu. Supaglu inashika, sikatai, lakini inakaa katikati ya vipande viwili kama ukuta, na ukidondosha modeli ukuta huo unapasuka. Pia mvuke wake unaweka ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu ule haufutiki kwa kitambaa. Gundi halisi ya modeli haibandiki, inayeyusha. Plastiki yenyewe ni polistairini. Gundi inalainisha nyuso zote mbili, zinachanganyika, kisha dawa inaruka hewani na vipande vinabaki kitu kimoja. Sasa, kitu kingine kinachoyeyusha polistairini vizuri kabisa ni thina ya rangi za magari. Siyo ile thina ya rangi ya mafuta ya kupakia milango na mageti, hiyo haiungi. Ni ile kali wanayotumia mafundi wa kupuliza magari, ambayo ukifungua kopo tu unaijua.

Nikaenda kwenye gereji moja Kizota, nikamkuta fundi wa rangi anapiga msasa bampa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba dada. Gari iko wapi?"

Nikamwambia sina gari, nataka thina nusu lita, praima (rangi ya msingi) ya kijivu kidogo na rangi nyeupe kikombe kimoja. Akaniangalia.

"Kikombe cha chai?"

Nikamwonyesha picha ya boksi kwenye simu. Alicheka, akaita wenzake waje waone, halafu akageuka mwalimu wangu bila kuombwa. Mengi ninayoyaeleza chini kuhusu kupuliza ni ya kwake. Chupa ya thina alinifungia na nailoni mdomoni akanisisitizia nisiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwanza kwa sababu ya watoto, pili kwa sababu si kila plastiki inaivumilia. Nimeiweka kwenye kichupa cha glasi.

Kuunga kwenyewe ni raha. Unakutanisha nusu mbili za bodi zikiwa kavu, unazibana kwa vibanio vya nguo na mipira ya kufungia hela, kisha unachovya brashi nyembamba kwenye thina na kuigusisha kwenye mstari wa maungio. Tone linakimbia lenyewe kwenye ufa. Unaliona linavyokwenda, mstari unang'aa kuanzia puani hadi mkiani kwa sekunde moja mbili, kisha unafifia. Ukibonyeza kidogo, plastiki laini inachungulia nje ya ufa kama uzi. Usiufute! Uache hadi kesho, ukate kwa wembe, upige msasa wa maji, na mstari wa maungio haupo tena. Mahali palipobaki shimo nilitumia ujanja mwingine wa thina hiyo hiyo: nilikatakata ile fremu iliyobebea vipande, nikaitumbukiza kwenye thina kidogo, ikawa uji mzito. Ukikauka ni plastiki ile ile, haupasuki kama fila ya magari iliyopakwa nene.

Kabla ya kufunga bodi kuna jambo la uzito. Ndege yenye gurudumu la mbele, kwenye ukubwa huu, inakalia mkia usipoijaza puani. Kwa fundi tairi niliomba vile vipande vya kubalansia vinavyobandikwa kwenye rimu, vilivyotumika. Nilishikanisha bodi na mabawa kwa solotepu, nikaiegemeza kwenye penseli mbili pale magurudumu ya nyuma yanapokaa, nikawa naongeza kipande kimoja kimoja hadi pua ikainama yenyewe. Kisha nikaongeza kimoja cha ziada, kwa sababu rangi nayo ina uzito na mkia unapakwa pia.

Vioo vidogo vya ubavuni nilivitengeneza kwa gundi nyeupe ya mbao. Unachovya kijiti cha meno, unaizungusha pembeni mwa dirisha, unaivuta katikati, inatanda kama povu la sabuni. Ikikauka inakuwa angavu. Hii niliiacha ya mwisho kabisa, baada ya rangi, maana hapo hakuna haja ya kuziba madirisha kwa tepu moja moja.

Sasa rangi, na hapa Dodoma inataka iheshimiwe. Nilikuwa nikijenga nikiwa Dar kabla ya serikali kutuhamishia huku, na bomba langu la kupulizia pamoja na kompresa ndogo nilihama navyo. Dar tatizo lilikuwa unyevu: rangi za thina zilikuwa zinapata ukungu wa maziwa, kwa sababu thina ikiruka inapoza uso wa rangi na mvuke wa hewani unaganda pale. Huku mambo ni kinyume. Hewa ya miezi ya kiangazi, kuanzia Mei mpaka Novemba, ni kavu kiasi kwamba rangi inakauka ikiwa njiani, inafika kwenye plastiki ikiwa unga. Ukipitisha kidole unahisi msasa. Halafu kuna vumbi. Na plastiki iliyosuguliwa kwenye hewa kavu inapata umeme ule wa kuvuta nywele, kwa hiyo vumbi halisubiri kuanguka, linaitwa.

Fundi aliponisikiliza alisema mambo matatu bila kusimamisha msasa wake: tumia thina inayokauka taratibu, sogeza bomba karibu, na mwaga maji chini. Ile ya maji ndiyo wanayofanya wenyewe kwenye vibanda vyao. Nikahamia bafuni. Bafu langu lina sakafu ya saruji na dirisha moja; nilikuwa namwagia maji sakafu na kuta, nasubiri vumbi litulie, naifuta ndege kwa kitambaa chenye unyevu ili ule umeme uondoke, ndipo napuliza. Muda ni asubuhi saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla upepo haujaamka na kabla mtu hajawasha jiko la mkaa uani. Hilo la jiko silitanii. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unaweza kufika kwenye moto ambao wewe huuoni. Dirisha wazi, barakoa yenye kichujio cha mkaa (za kitambaa za corona hazisaidii kitu kwa mvuke), na familia inajua kwamba bafu lina mtu.

Ubishi mwingine uko hapa: thina inayounga plastiki ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye rangi. Ukipuliza nzito mara ya kwanza, plastiki inatafunwa, inatoka mikwaruzo ya nyufa ndogo ndogo. Nilijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu, upande mmoja nzito, upande mwingine nyepesi, na tofauti ilionekana wazi. Kwa hiyo praima inaanza kama umande: mpulizo mwepesi kutoka mbali kidogo, unaacha thina iruke, unarudia. Ikishafunika yote, rangi nyeupe haina tena njia ya kuigusa plastiki na unaweza kupuliza yenye maji zaidi ipate kung'aa. Katikati ya praima na nyeupe nilipitisha msasa namba 2000 na maji. Nyeupe ni rangi mbaya kwa kuonyesha dhambi. Unywele mmoja tu wa brashi ulioachwa chini yake unaonekana kutoka mlangoni.

Sikuiga shirika lolote. Nilichagua mstari wa bluu ubavuni na usajili unaoanza na 5H, alama ya ndege za Tanzania, herufi tatu za mwisho nikazitoa kwenye majina ya wapwa zangu. Stika za boksi zilikuwa za nchi nyingine, hazikunifaa. Nilibandika tepu ya karatasi juu ya kipande cha kioo, nikachora herufi, nikazikata kwa wembe mpya, kisha nikahamishia tepu yenye matundu kwenye ndege. Kabla ya bluu nilipuliza nyeupe tena juu ya kingo za tepu. Ile nyeupe inaziba mianya, na bluu inayokuja juu haina pa kupenya. Mpwa wangu, mwenye herufi yake pale, alisimama mlangoni.

"Shangazi, inaruka?"

"Hairuki."

"Sasa ya nini?"

Nilimpa kibanio ashike bawa. Aliridhika na jibu hilo kuliko mama yangu mzazi.

Uchafu wa ndege ya kazi ni sehemu niipendayo. Injini za Twin Otter, PT6 za Pratt & Whitney Canada, zinaingiza hewa nyuma na kutoa moshi mbele, karibu na pangaboi, kwa hiyo masizi yanaanzia mbele ya injini na kulamba ubavu wake kurudi nyuma. Wengi wanayapaka nyuma ya injini kwa mazoea ya ndege nyingine. Kwa magurudumu na tumbo nilitamani udongo wetu mwekundu, nikauchekecha kwa kitambaa cha soksi. Haukufaa. Chembe ya milimita 0.2, ambayo kwa macho ni vumbi tu, kwenye 1/72 ni kokoto ya milimita 14; ndege ilionekana imepigwa mawe. Nikatumia chaki ya shule, nyekundu na kahawia, nimeisaga kwa kijiko hadi ikawa poda, nikaipaka kwa brashi laini na kuifungia kwa mpulizo mwembamba wa vanishi isiyong'aa.

Antena za waya nilizitengeneza kwa fremu iliyovutwa: unaishika juu ya mshumaa, ikilainika unavuta pande mbili pole pole, inakuwa nyembamba kama unywele. Mshumaa huo uliwashwa sebuleni, chupa ya thina ikiwa stoo imefungwa.

Antena hizo ndizo zilizonilazimisha kwenda kwa fundi wa vioo, maana kupangusa vumbi kila wiki kungezikata. Amenitengenezea boksi la kioo la sentimita 35 kwa 30, lenye ukanda wa mpira chini. Twin Otter iko ndani, juu ya kabati, na kikombe cha rangi nyeupe kilichobaki kinatosha ndege nyingine. Mdogo wangu nimeshamtumia ujumbe: safari ijayo alete Fokker, na gundi aiache huko huko.